Masomo ya Ng'ombe

Dubrava, Nebraska
12 Mei 2018

Dada Vera mpendwa,

Najua sasa wewe ni Sista Maria Paulina, na bahasha nimeiandika hivyo ili Mama Mkuu wenu asinune. Humu ndani wewe ni Vera.

Habari za huko monasteri? Sisi wazima. Mama ana magoti yake, Baba ana wagonjwa wake, mimi nina fomu yangu. Fomu ya kuomba chuo cha udaktari imefunguliwa, na tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza kama nimekula. Wananiuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Jana nilipeleka mayai dukani, mke wa mzee Sladek akanishika mkono mbele za watu: "Haya, daktari wetu, umeshaituma?" Nikamwambia bado. Akasema, "Usichelewe, mwanangu. Baba yako ujanani harudi."

Halafu kuna koti. Unalikumbuka lile jeupe ambalo akina mama wa parokia walikutarizia jina lako, "Dkt. Vera Kobza", kabla hujatutangazia kwamba unakwenda kuwa mtawa? Hawakulitupa. Wamefumua nyuzi zako, wakatarizi jina langu palepale. Mama amelitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Ukilisogeza kwenye mwanga, matundu ya sindano ya jina lako bado yanaonekana. Wakati mwingine nageuka nikidhani kuna mtu amesimama nyuma yangu, kumbe koti.

Sasa nisaidie, maana wewe fomu hii ulishaijaza. Kila somo nililosoma chuoni lazima nilitie kwenye kundi lake. Biolojia, kemia, fizikia na hisabati yanaingia kwenye wastani wa sayansi. Mengine yote yanabaki nje. Na ule mpango wa madaktari wa vijijini, ambao mji mzima umeukodolea macho, haumtazami mtu mwenye wastani wa sayansi chini ya tatu nukta mbili kati ya nne. Mimi nilisoma chuo cha kilimo. Haya masomo yangu ya ng'ombe niyatie wapi?

Nijibu ukimaliza kusali, kama mnamalizaga.

Mdogo wako,
Leona

*

Monasteri ya Mama wa Huzuni
Tanner's Ford, Kansas
24 Mei 2018

Leona wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma bustanini, nimekalia ndoo, vitunguu vikinisubiri. Kwetu hapa ruhusa ni barua moja kwa mwezi, kwa hiyo tega sikio.

Usiangalie jina la somo wala idara iliyolifundisha. Angalia kilichomo. Jiulize: zaidi ya nusu ya somo zima tulisoma nini? Kama ni viumbe hai na jinsi miili yao inavyofanya kazi, hiyo ni biolojia, hata kama mwalimu alifundishia zizini amevaa mabuti. Mimi nilikuwa na somo moja lililoitwa "Mwanadamu na Dawa", nikaona jina tamu, nikalitia biolojia. Ofisi ya maombi ikalitoa: lilikuwa historia tupu. Wanakagua wale, usidhani wanalala. Ila wewe kwanza ndiye unayeamua, na mara nyingi uamuzi wako unabaki.

Usiwe na hofu. Kati yetu wawili wewe ndiye uliyezaliwa na mikono. Mimi nilikuwa na kichwa tu, na kichwa hakishiki mgonjwa. Nakuombea kila asubuhi uingie.

Jambo jingine. Baba alinitumia kadi ya Pasaka. Herufi zake zimelala kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe. Mkono wake una nini?

Dada yako katika Kristo, na katika kila kitu kingine,
Vera (Sr. Maria Paulina)

*

Dubrava
9 Juni 2018

Dada Vera,

Kazi imekwisha! Nimeyapanga yote na fomu iko tayari. Nangoja tu chuo kitume matokeo yangu rasmi, kisha naituma mwisho wa mwezi.

Nimeyapanga hivi. Lishe ya Mifugo: Kilimo. Urithi na Uzalishaji wa Ng'ombe: Kilimo. Minyoo na Magonjwa ya Mifugo: Kilimo. Viungo vya Mwili vya Wanyama wa Kufugwa: Kilimo. Yote manne nilipata A, lakini ndiyo hivyo, ng'ombe ni ng'ombe. Huku kwenye sayansi nimebaki na kemia zangu za C na ile fizikia ambayo hata mwalimu wake alinihurumia. Kemia moja niliirudia, kumbe hata ukirudia wanazihesabu zote mbili, ya aibu na ya toba. Wastani wangu wa sayansi ni mbili nukta saba.

Haufiki, dada. Nimefanya nilivyoweza. Kama Mungu hataki, hataki, na wewe unamjua kuliko mimi.

Usinionee huruma. Nala vizuri, nalala vizuri, jana nimemaliza sahani nzima ya kolache, vile vimkate vitamu vya mbegu za mpopi, mpaka Mama akanigusa paji la uso. Hanzlik ameniambia nafasi ya kusimamia ng'ombe wake iko wazi mpaka vuli. Ng'ombe elfu mbili, Vera, na hakuna hata mmoja anayegonga mlango wa jikoni tukiwa mezani! Juzi Baba aliinuka mara tatu katika mlo mmoja. Mara ya tatu ilikuwa mtu anataka kujua kama chunjua yake imekua. Baba alirudi mchuzi umeganda, akaula hivyohivyo. Nimekuwa nikimtazama akila mchuzi ulioganda tangu nikiwa mtoto.

Umeuliza mkono wake. Unatetemeka. Kahawa siku hizi anajaza nusu kikombe.

Jumapili ya tarehe 17 wanakuja kwenu kukutembelea. Wasalimie kana kwamba mimi sikai nao.

Leona

*

Monasteri, Tanner's Ford
18 Juni 2018

Leona, Leona, Leona!

Nimemwomba Mama Mkuu ruhusa ya kuandika kabla ya zamu yangu, na ameniruhusu kwa sababu nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Wewe mtoto! Nilikuambia usiangalie jina, nawe umeangalia jina. Minyoo si kilimo! Viungo vya mwili si kilimo! Moyo wa ng'ombe ni moyo. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya nyimbo: hizo A nne zikihamia biolojia, unafika tatu nukta mbili na chenji juu yake. Umefaulu, mdogo wangu, ulikuwa umefaulu muda wote na hukujua.

Nilikuwa nakufa kwa hofu barua isije ikachelewa, hivyo jana nilimwambia Baba palepale, kwenye wavu wa chuma unaotutenga na wageni. Mama alipiga makofi. Baba alicheka mpaka Sista wa mlangoni akachungulia. Kisha akaniuliza, "Manne yote ameyatia Kilimo?" Nikamwambia yote manne. Akasema, "Basi nitakaa naye."

Naona nimefanya jambo moja la maana kwa ajili ya nyumba yetu tangu niondoke. Unajua nilivyokuwa naumia kwamba niliwaacha bila daktari wa kumrithi Baba. Leo nimelala kama mtoto.

Nakubusu kupitia wavu,
Vera

*

Dubrava
25 Juni 2018

Vera,

Sikukosea.

Naona nikuandikie hivyo moja kwa moja, maana wewe na usomi wako wote umeshindwa kuliona. Nimetia mkono wangu mpaka begani ndani ya ng'ombe nikageuza ndama aliyekaa vibaya. Nimehesabu mayai ya minyoo kwenye darubini muhula mzima. Unadhani sijui kwamba ile ni biolojia? Niliyatia Kilimo makusudi, moja baada ya jingine, na kila nililotia nilihisi kama mtu anayefunguliwa kamba. Nilitaka fomu ikatae kwa niaba yangu. Mimi kinywa cha kumkatalia Baba sina, na hata wewe hukuwa nacho. Wewe ulimwachia Mungu amkatalie kwa niaba yako.

Baba alikuja Jumatatu iliyopita jioni na kiti chake. Kile cha jikoni chenye mgongo uliovunjika. Akakiweka kando yangu mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akasema, "Haya, binti, tuanze na minyoo." Tukaanza na minyoo. Nilibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, Kilimo ikawa Biolojia, mara nne. Kila mara alisema "vizuri" kwa sauti ndogo, kama anavyomwambia mtoto anayechomwa sindano. Wastani ukapanda palepale, tunaona. Mkono wake ulikuwa begani kwangu unatetemeka, na nilishindwa kujua ni ule ugonjwa au ni furaha.

Tumeituma. Mama amepiga pasi koti.

Usiniandikie kwamba Mungu ana mipango.

L.

*

Monasteri, Tanner's Ford
20 Julai 2018

Leona wangu,

Sikuandikii kwamba Mungu ana mipango. Nakuandikia kwamba mimi ni mjinga.

Nimeisoma tena barua yako ya Juni, ile ya kolache. Kila kitu kilikuwa mle. Ulikuwa unacheka ukurasa mzima, nami nikasikia kilio, kwa sababu mimi mahali pako ningelia. Nimezoea kusikiliza kimya cha wenzangu hapa ndani mpaka naona najua kusikiliza. Kumbe sijui.

Umesema kweli kuhusu Baba na mimi. Nilipoondoka nilidhani nimeacha koti tupu. Sikufikiria kwamba koti tupu hutafuta mtu. Naona aibu, na aibu hii hainisaidii wala haikusaidii wewe.

Niruhusu nimwandikie Baba. Nitamwambia wazi, nitabeba lawama. Yeye si mtu mbaya, Leona. Akijua, hatakulazimisha.

Dada yako,
Vera

*

Dubrava
18 Novemba 2018

Dada Vera,

Samahani kwa kimya. Nilikutumia ile kadi yenye maneno mawili, "Usimwandikie Baba", kisha nikakosa la kuongeza. Ukimwambia, atanisamehe, na sitaki kusamehewa na mtu anayekula mchuzi ulioganda. Niliona ni heri chuo kinikatae chenyewe.

Basi nisikie. Waliniita kwenye usaili. Madaktari watatu nyuma ya meza ndefu, mmoja mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, nitasema kweli tupu na kweli itaniokoa. Wakaniuliza, "Kwa nini unataka kuwa daktari?" Nikawajibu, "Sina hakika kama nataka. Napenda ng'ombe. Lakini mji wetu una daktari mmoja, ni baba yangu, na mkono wake unatetemeka."

Yule mama akavua miwani akajifuta macho. Akasema, "Miaka yote tunaletewa hotuba za kukariri. Hatimaye mtu mmoja hajatudanganya." Mwenzake akauliza ng'ombe wangu ni wa aina gani, naye kumbe kakulia ranchi. Tulizungumza ndama mpaka muda ukaisha. Walinisindikiza mpaka kwenye lifti, Vera! Nikatoka pale nikakaa ndani ya gari, nikaupiga usukani.

Kuna mitego unaikwepa ukidanganya, na mingine unaikwepa ukisema kweli. Huu wangu nimejaribu yote mawili.

Jumamosi parokia ilifanya mlo wa bata na kabichi kuchangia nauli zangu za usaili. Walikuja hata Walutheri. Mzee Sladek alipiga akordioni. Nilicheza na Baba, na watu wakatupisha katikati.

Hanzlik amempa mtu mwingine ile nafasi. Amesema hakutaka kunichelewesha.

Leona

*

Monasteri, Tanner's Ford
4 Machi 2019

Leona wangu,

Keshokutwa ni Jumatano ya Majivu, na kuanzia hapo kalamu zetu zinafungiwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo hii ndiyo nafasi yangu.

Mama ameniletea habari kwamba umekubaliwa, na kwamba kengele ya kanisa iligongwa. Wewe hukuniandikia. Nimeelewa. Mama ameniambia pia kwamba una mpaka mwisho wa Aprili kujibu kama unaichukua nafasi au unaiacha.

Uliniomba nisimwandikie Baba. Leo asubuhi nimemwandikia. Nikasirikie, una haki. Barua yenyewe ni fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimemwambia tu: "Baba, kwenye yale masomo manne Leona hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Mimi hapa watu huniona kama mfungwa. Wageni wakiona wavu hushusha sauti. Lakini kila mwaka kabla ya nadhiri Mama Mkuu alifungua mlango mkubwa wa mbele, akaniacha nisimame pale peke yangu, niangalie barabara, kisha niamue. Nikiwa peke yangu. Nilitaka na wewe upate mlango kama huo, hata mara moja.

Sitaweza kusoma jibu lako mpaka Kristo afufuke. Nitakuwa nawe siku zote arobaini.

Vera

*

Dubrava
27 Aprili 2019

Dada Vera,

Kristo amefufuka. Sasa nisome.

Baba hakusema neno Kwaresima nzima. Barua yako aliisoma amesimama kwenye sanduku la posta, nilimwona dirishani, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Kila siku nilingoja. Tukala, tukafunga, mafuriko yakaja yakaondoka na daraja. Nilikuchukia wiki mbili hivi. Imepita.

Jana mchana nimekaa mbele ya kompyuta, ukurasa uko wazi, chini yake kuna Ndiyo na Hapana. Baba akaja na kiti kilekile. Akakaa. Akasema, "Vera ameniandikia."

Nikasema, "Najua, Baba."

"Hakuniambia kitu kipya. Nilijua tangu pale kwenye wavu. Mtu aliyegeuza ndama kwa mkono wake hawezi kusahau kwamba ile ni biolojia. Lingekuwa somo moja ningesema bahati mbaya. Manne?" Akatikisa kichwa. "Nilijua, na nikavuta kiti."

"Kwa nini, Baba?"

Akautazama mkono wake. Ulikuwa umelala mezani, unagonga mbao wenyewe. "Kwa sababu sina mwingine."

Akainuka. "Leo sikai," akasema. "Bonyeza utakalo. Ukisema hapana, Jumapili baada ya misa nitasimama mbele nitawaambia watu mimi mwenyewe, na mtu asikutazame vibaya nikiwa hai." Akakisogeza kiti mbali, kule ukutani, akatoka.

Mlango wako ulifunguka, dada. Naapa niliuona. Nilikaa pale nimeshusha mabega, nasikia ndege nje, nikapeleka kidole kwenye Hapana, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu siku ile ya kolache. Nilikuwa namuwaza Hanzlik, kama bado ana kazi, hata ya kufagia.

Mlango wa jikoni ukagongwa.

Mzee Sladek, mkono umefungwa kwa kofia yake, na kofia imelowa damu. Waya wa uzio ulimpasua kiganja. Hospitali ya karibu kwa kuzungukia kule juu, daraja likiwa halipo, ni mwendo wa saa mbili. Baba akamkalisha mezani penye mwanga, akanawa, akamchoma ganzi, akashika sindano. Vera, haikuingia. Alijaribu pembeni mwa kidonda, ncha ikacheza kama nzi. Akaitoa. Akajaribu tena. Mzee Sladek akageuza uso akaanza kuongelea bei ya mahindi, ili Baba asione kwamba ameona.

Sikufikiria kitu. Nilinawa, nikavaa glovu, nikamshika Baba kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili. Ukatulia. Tukashona wawili, yeye vidole, mimi utulivu, mpaka mwisho. Alisema "vizuri" kila mshono. "Hicho kiganja ndicho cha akordioni," mzee Sladek akasema, "msinishone kama gunia." Tulicheka wote watatu. Alipoondoka alilitazama koti nyuma ya mlango, akanitazama mimi, akavaa kofia yake ya damu.

Mishono ilikaa sawa, dada. Laiti ingekaa vibaya.

Baba alikwenda kulala. Hakupita hata upande wa kompyuta, alizungukia sebuleni ili nisidhani anachungulia. Nilirudi nikakaa. Ukurasa ulikuwa vilevile. Kiti kilikuwa kulekule ukutani, kitupu. Niligeuka mara mbili kukitazama.

Nikabonyeza Ndiyo.

Nimelivaa koti. Mikono ni mirefu, lilikatwa kwa kipimo chako. Mama anasema atapunguza, nimemwambia aache.

Mwaka mzima nilikuwa na wewe wa kumlaumu, na nikichoka nawe nilikuwa na Baba. Ilikuwa inanisaidia kulala. Jana mlango ulikuwa wazi, chumbani nilikuwa peke yangu, na kidole kilikuwa changu. Sasa sina mtu.

Mdogo wako,
Leona